Paranoid mbili: moja ya mtandaoni, moja ya Kibuye

Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza Black Sabbath, alipofariki Julai 22, 2025, nilikesha nikisikiliza bendi hiyo kwenye simu. Kulipokucha nilikuwa nimeamua: lazima nipate albamu yao Paranoid kwenye santuri, na iwe ya zamani yenyewe. Leo ninazo mbili, na nimezisikiliza vya kutosha hapa Kisumu kueleza nilichopata kwa pesa zangu.

Ya kwanza niliagiza mtandaoni kutoka Uingereza. Tangazo lilisema ni toleo la kwanza la 1970, shilingi 14,000 kabla ya usafiri. Picha zote zilikuwa za jaketi, nami kwa hamu niliyokuwa nayo sikuomba picha ya santuri. Jaketi lilipofika lilikuwa lenyewe kabisa, linafunguka kama kitabu, ndani wanamuziki wamepigwa picha nje kwenye nyasi. Nikaitoa santuri taratibu. Lebo, ile karatasi ya mviringo katikati, inasema NEMS.

Kwa asiyejua, albamu hii ilitoka Uingereza Septemba 1970 chini ya kampuni ya Vertigo, namba 6360 011. Kwenye kopi hizo lebo ya upande wa kwanza haina hata jina la wimbo. Ni miviringo myeusi na myeupe inayojikunja kuelekea katikati, na ukiikodolea macho ikizunguka, kizunguzungu kinakushika. Nyimbo za pande zote mbili zimeandikwa upande wa pili. Karibu 1973 Vertigo walibadilisha wakaweka lebo ya chombo cha angani, na baadaye kampuni nyingine, NEMS, ndio wakaitoa tena albamu. Basi mtu alichukua santuri ya miaka ya baadaye akaivisha jaketi la 1970. Nilimwandikia muuzaji mara nne. Baada ya wiki sita akarudisha nusu ya pesa, bila hata pole. Kukosa hiyo pole ndiko kulikoniuma kuliko pesa.

Ya pili niliipata soko la Kibuye, hapa Kisumu, Jumapili baada ya ibada. Kuna mzee anauza redio kuukuu na spika, na chini ya meza ana katoni ya santuri: benga, rumba, kwaya za kanisa. Katikati ya kwaya ndipo nikaliona jaketi la Paranoid, lenye picha ya mtu mwenye upanga na ngao, pembeni limeliwa na mende.

"Hiyo ni ya kelele, kijana wangu. Lete mia sita."

"Mzee, niruhusu niitazame kwanza."

Safari hii sikuwa na haraka. Niliiinua usawa wa jicho kuona kama jua la sokoni limeipinda. Imeyumba kidogo tu ukingoni. Lebo ni ya kijani ya Warner Bros., namba WS 1887, yaani chapa ya Marekani, ambako albamu ilitoka 1971. Warner walitumia kijani hicho hadi 1973 hivi, kisha wakaleta lebo yenye picha ya barabara na mitende. Halafu nikawasha tochi ya simu nikaiinamisha santuri, nikasoma ile pete laini iliyo kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Humo mna namba zilizochongwa kiwandani, hafifu kama mkwaruzo wa pini, zinazoonyesha santuri ni ya chapa gani, na jaketi haliwezi kuzibadilisha. Nilimlipa mzee mia sita zake bila kupunguza hata shilingi.

Nyumbani niliiosha kwa maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, nikiikinga lebo kwa kiganja. Maji yalitoka rangi ya chai. Wimbo wa War Pigs bado unachakarisha mwanzoni kama mafuta kwenye kikaango, ila ule wa Iron Man ni safi kabisa, na besi ya Geezer Butler wa Black Sabbath naisikia hadi kwenye mbao za meza. Kopi ya NEMS ni tulivu zaidi na haina mikwaruzo. Kwa sikio peke yake haina kosa. Lakini nikitaka kusikia albamu hii jioni, mkono unaenda kwenye ile ya kijani.

Alama zangu: muuzaji wa mtandaoni, moja kwa tano. Mzee wa Kibuye, tano. Ameniambia nyumbani kwake Ahero kuna katoni nyingine ambayo hajaifungua tangu ahame, na kwamba humo mna "za kelele" kadhaa. Jumapili ijayo naenda na tochi yenye betri mpya.