Miaka saba chini ya mabati ya msauzi Kigamboni: uzoefu wangu

Nyumba yangu iko Kigamboni, mahali pasipofika kilomita moja kutoka baharini, na hadi sasa nimeiezeka mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua bati la rangi la geji 30 (geji ni kipimo cha unene wa bati) kwa sababu rangi yake ya damu ya mzee ilinipendeza na bei yake haikunitisha. Mwaka wa nne kingo za chini zikaanza kuliwa na kutu, na mwaka wa sita niliweza kupenyeza kidole kwenye bati juu ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Mara ya pili, miaka saba iliyopita, nilichagua bati la migongo mipana, lile ambalo wauzaji na mafundi huliita msauzi, la geji 28, lenye utando wa aluminiamu na zinki chini ya rangi. Tathmini hii ni ya bati hilo la pili, pamoja na kuta za karakana yangu ndogo nilizozivika bati la aina hiyo hiyo. Wauzaji na mafundi sitawataja, kwa kuwa baadhi ya makosa yalikuwa yangu mwenyewe.

Dukani watu wengi huanza na rangi, nami nilianza hivyo. Siku hizi rangi ni jambo la mwisho kwangu. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni takriban milimita 0.4, na geji 30 ni takriban milimita 0.3. Bati la zamani liliposhushwa nilikipima kipande kisicho na kutu kwa maikromita ya jirani yangu fundi chuma, kikasoma 0.26 pamoja na rangi yake, yaani chuma chenyewe kilikuwa chembamba zaidi ya hapo. Kwa hiyo safari ya pili nilikwenda kununua nikiwa na maikromita mfukoni. Muuzaji wa kwanza alikasirika akaniambia, "Mzee wangu, bati halipimwi kama dhahabu." Wa pili hakusema neno, alinikatia kipande cha pembeni nipime, na huyo ndiye aliyechukua fedha zangu. Swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: unene unaoutaja ni wa chuma kitupu, au ni wa chuma pamoja na utando na rangi?

Baada ya unene, uliza utando. Zinki peke yake inafaa sana bara, lakini hewa ya chumvi huila haraka. Utando wa mchanganyiko ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1972 una asilimia 55 ya aluminiamu, asilimia 43.4 ya zinki na kiasi kidogo cha silikoni. Aluminiamu husimama kama ngao dhidi ya chumvi, na zinki hujitoa mhanga pale bati lilipokatwa au kukwaruzwa, ili chuma kisishike kutu. Herufi AZ, ambazo ni alama ya utando huo, zikifuatwa na 150 maana yake ni gramu 150 za utando kwa kila mita ya mraba, ukijumlisha pande zote mbili. Katika upana pia kuna mtego: bati langu lina sentimita 89 kutoka ukingo hadi ukingo, lakini likishalaliana na mwenzake linafunika sentimita 83 tu. Aliyenipigia hesabu ya kwanza alisahau hilo, tukapungukiwa mabati matano siku ambayo fundi alikuwa tayari juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati.

Kosa langu kubwa lilitokea kabla hata bati moja halijapanda. Mzigo ulifika jioni, nikaulaza chini na kuufunika kwa turubai, mvua ya vuli ikanyesha usiku kucha, na maji yakaingia katikati ya mabati yaliyobanana. Yalikaa hivyo siku tisa. Tulipoyatenganisha, sita kati yake yalikuwa na mabaka ya unga mweupe upande wa chini, mithili ya chokaa iliyomwagika. Mabati yaliyolaliana yakishika maji hukosa hewa, na utando huanza kuoza kabla jua halijaliona bati. Inafaa kuyainua juu ya magogo, kuyainamisha upande mmoja ili maji yatiririke, na yakilowa kuyatenganisha siku hiyo hiyo.

Uwekaji kwa jumla ulikwenda vizuri. Upepo mkali wa kwetu ni kusi, basi fundi alianza kupanga ncha ya kaskazini akirudi kusini, ili midomo ya maungio iupe upepo kisogo. Hata masika ya dhoruba hayajaingiza tone kupitia ubavuni. Skrubu za paa alizipiga juu ya migongo, na za ukuta wa karakana alizipiga bondeni, bati linapokumbatia mbao. Nilisimama naye kwenye skrubu ishirini za mwanzo. Washa ya mpira inatakiwa ifutuke kidogo tu kuzunguka kofia ya skrubu. Ikibanwa hadi ikachomoza nje itapasuka kwa jua, na ikiachwa ikizunguka itavuja mvua ya kwanza.

Tulichokosana ni grenda. Nilimwomba akate kwa mkasi wa bati, naye akajibu, "Bosi, mkasi utatuchelewesha hadi Ijumaa," nikakubali. Cheche za grenda huunguza rangi na utando pale pale zinapoangukia, na vumbi la chuma hulala juu ya bati. Siku ya tatu, baada ya umande, upande mzima wa varanda ulikuwa na vitone vya kahawia vidogo kama mbegu za ufuta. Tulivisugua kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, vingi vikatoka, lakini vingine vimebaki na ninaviona kila ninapopanda ngazi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia. Nilidhani paa ndilo litakaloteseka, kwa kuwa ndilo linalopigwa na mvua na jua. Kumbe mvua ndiyo dawa yake: kila inaponyesha huosha chumvi. Sehemu iliyoanza kufanya malengelenge kwangu ni ukuta wa karakana chini ya ukingo wa paa, upande unaotazama bahari, mahali ambapo mvua haifiki kabisa. Chumvi hutua pale usiku, hunyonya unyevu wa asubuhi, na hakuna wa kuiondoa. Tangu mwaka wa tatu ninauosha ukuta huo kila baada ya miezi mitatu, kwa brashi laini na sabuni kidogo, kuanzia juu kushuka. Maji nayo yanataka uangalifu, kwa maana kisima changu kina maji ya chumvi, kama visima vingi vya huku. Mwaka wa kwanza wa kuosha nilitumia hayo, nikawa naongeza chumvi juu ya chumvi. Sasa natumia maji ya mvua ninayoyakinga kutoka paa hilo hilo.

Jambo la pili la ukuta ni miguu yake. Fundi mwashi alipiga zege hadi likagusa bati, ili panya wasipite. Saruji mbichi ina ukali unaokula aluminiamu, na likishakauka zege hushika unyevu kila mvua inaponyesha. Mwaka wa nne rangi ya hapo ilikuwa ikibanduka kwa ukucha. Nilikata sentimita tano za chini, kwa mkasi safari hii, nikaacha upenyo juu ya sakafu na kuuziba kwa wavu mdogo wa waya.

Kwenye paa penyewe kuna doa moja tu linalonisumbua, na chanzo chake ni kiyoyozi. Bomba lake lilikuwa likidondosha maji juu ya bati la varanda, maji yaliyopita kwenye mirija ya shaba, na shaba haipatani kabisa na utando wa aluminiamu na zinki. Mchirizi wa upana wa viganja viwili umekwisha kupoteza rangi, na katikati yake chuma kimeonekana. Kupaka rangi juu yake hakukusaidia hata msimu mmoja. Nimelielekeza bomba kwenye bustani kwa mpira wa plastiki, na bati hilo moja nimeagiza likatwe kiwandani kwa urefu wa mita 2.4. Nitalibadilisha mvua za masika zikikatika, kwa skrubu mpya, maana za zamani nazo zimeanza kushika kutu kichwani ilhali mabati yaliyo pembeni yake bado ni mazima.