Behewa la 1902 lipo South Elgin, ila njia yake iko kwingine kabisa

Jumamosi nimeenda Fox River Trolley Museum, makumbusho ya treni za umeme za zamani, South Elgin, Illinois, Marekani, na kama na wewe ni mgonjwa wa treni za zamani kama mimi nenda tu, usijishauri. Kilichonipeleka ni behewa namba 20 la kampuni ya reli ya umeme ya Chicago Aurora and Elgin (CA&E), limeundwa na kiwanda cha Niles kule Ohio 1902, mwaka uleule reli ilipofunguliwa, na bado linatembea lenyewe kwa umeme!! Mbao zinalia, mota zinanguruma chini ya miguu, na wanaoliendesha ni watu wa kujitolea, yaani wanalipenda kweli.

Sasa hapa ndo wengi wanachanganya. Reli unayopita pale kando ya mto sio ya CA&E. Ile ni mabaki ya kampuni nyingine iliyofuata mto Fox kati ya Aurora na Elgin, waliacha kubeba abiria 1935, kipande hiki kikapona kwa sababu kilikuwa kinapeleka makaa ya mawe hospitali ya serikali Elgin. CA&E wenyewe sehemu kubwa walichukua umeme kwenye reli ya tatu, yaani reli ya ziada yenye umeme kando ya zile mbili za magurudumu, chini huko, sio kwenye waya.

Na walivyokufa, aisee. Walikuwa wanaingiza watu mpaka katikati ya Chicago bila kubadilisha treni, 1953 ujenzi wa barabara kuu ya Congress ukawakatia njia, wakawa wanaishia Forest Park, abiria ashuke adandie treni nyingine, nani anataka? Watu wakahama. Halafu 3 Julai 1957 mahakama ikawaruhusu kusimamisha treni za abiria, basi hata jioni hawakungoja, saa sita mchana na dakika kadhaa wakafunga, walioenda kazini asubuhi wanarudi jioni treni hakuna. Mimi ningelia.

Kwa hiyo behewa lipande South Elgin, njia yenyewe kaitafute Illinois Prairie Path, siku hizi ni njia ya miguu na baiskeli. May Theilgaard Watts, mama mpenda mazingira, aliandika barua gazeti la Chicago Tribune 1963 akitaka njia ile ya reli iwe ya waenda kwa miguu, na ikawa. Mimi nilipita na baiskeli mji wa Wheaton, pale inapogawanyika, huku Aurora huku Elgin, na treni nazo zilikuwa zinaachana hapohapo. Bebeni maji, kuna sehemu kivuli hamna.