Msimu mzima wa simfoni mjini Kisumu: uzoefu wangu wa tikiti ya mwaka na uanachama

Nimemaliza msimu mzima nikiwa na tikiti ya matamasha yote ya okestra ya kanda yetu, ambayo hufanya mazoezi na maonyesho yake hapa Kisumu na kupokea wachezaji kutoka Kakamega, Vihiga, Siaya na Eldoret. Ninaandika maoni haya kwa ajili ya yeyote anayejiuliza kama inafaa kulipia mwaka mzima badala ya kununua tikiti moja moja mlangoni. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, ingawa punguzo la bei ndiyo sababu ndogo kuliko zote. Wachezaji wengi wa okestra hii ni walimu, wanafunzi, wauguzi na watumishi wa makanisa wanaojifunza muziki huu baada ya kazi zao, na mtu anayewasikiliza mara moja tu hawezi kujua walikotoka wala wanakoelekea. Anayewafuata tangu tamasha la kwanza husikia fidla zikikomaa, husikia honi, chombo cha shaba cha kupuliza, iliyokuwa ikiteleza ikipata msimamo, na polepole masikio yake mwenyewe hukomaa pamoja nao.

Tikiti ya msimu ilinigharimu shilingi 2,500, na uanachama wa chama cha wapenzi wa okestra shilingi 1,500 zaidi. Nililipa kwa M-Pesa na nikapata uthibitisho siku iyo hiyo. Mwanachama hutengewa kiti, hupewa kijitabu cha maelezo ya kila tamasha, na huruhusiwa kuhudhuria mazoezi ya Jumamosi. Hili la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, nami nitalirudia.

Ili kuielewa okestra hii ni lazima kwanza kuelewa muziki wa kanda yenyewe. Magharibi mwa Kenya hapajawahi kukosa waimbaji wala wapiga tarumbeta. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limezoesha vizazi vya wanafunzi kushindana kwa kwaya, na bendi za Jeshi la Wokovu, kanisa lililofika nchini mwaka 1921, zimefundisha vijana wengi wa Vihiga na Kakamega kupuliza vyombo vya shaba kama kornet, trombone na yufonio kabla hawajamaliza shule ya msingi. Kilichokosekana ni vyombo vya nyuzi. Fidla ni ghali, walimu wake ni wachache, na wengi wao walipata mafunzo Nairobi, ambako chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire of Music kimekuwapo tangu mwaka 1944. Kwa hiyo okestra yetu ilizaliwa ikiwa na mabega mapana na miguu myembamba: vyombo vya shaba vyenye nguvu, na safu ya fidla iliyohitaji kulelewa kwa subira.

Jambo jingine ni solfa. Kwaya zetu nyingi husoma do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi, utaratibu ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa kwetu na wamisionari, na zinausoma kwa wepesi wa kushangaza. Okestra, kinyume chake, husoma nota zilizopangwa juu ya mistari mitano. Katika mazoezi ya mwanzo wa msimu nilimwona mpiga fidla mmoja, ambaye pia ni mwalimu wa kwaya, akiandika solfa kwa penseli chini ya nota zake, na kufikia mwisho wa mwaka karatasi zake zilikuwa safi. Hilo halionekani kutoka kwenye viti vya hadhira usiku wa tamasha. Huonekana Jumamosi asubuhi, na mwanachama pekee ndiye anayeruhusiwa kuliona.

Tamasha la kwanza lilifunguliwa kwa wimbo wa taifa, na lilikuwa jambo la heshima kuusikia ukipigwa na okestra kamili badala ya kanda iliyorekodiwa. Tuliosimama pale tulikumbushwa na kijitabu kwamba sauti yake ilitokana na bembelezi la Wapokomo, na kwamba kamati iliyoutayarisha mwaka 1963 ilikuwa na wanamuziki kama Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ambaye baadaye aliandika kwa kina kuhusu nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo.

Kazi kuu ya usiku ule ilikuwa Simfoni Namba 45 ya Joseph Haydn, iliyotungwa mwaka 1772. Nadhani ulikuwa uchaguzi wa busara kuliko mwingine wowote wa msimu huu. Haydn aliitunga akiwa mtumishi wa Mwanamfalme Nikolaus Esterházy, ambaye mwaka ule alikawia mno katika jumba lake la mashambani huko Eszterháza, nchini Hungaria, huku wanamuziki wake wakiwa wameacha familia zao Eisenstadt. Badala ya kupeleka malalamiko kwa maneno, mtunzi aliandika sehemu ya mwisho ambayo ndani yake wachezaji huondoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimaliza kipande chake, akizima mshumaa wake na kutoka, mpaka zibaki fidla mbili tu zilizofifishwa sauti. Mwanamfalme alielewa, na watu wakarudi nyumbani.

Okestra yetu haina obo wala basuni, vyombo vya kupuliza vya mbao. Sehemu za obo zilipigwa na klarineti mbili, na sehemu ya basuni ikakabidhiwa yufonio, iliyopulizwa na kijana aliyelelewa katika bendi ya Jeshi la Wokovu. Msikilizaji mkali angeweza kulalamika kwamba rangi ya sauti haikuwa ile aliyoikusudia Haydn, na kweli katika sehemu ya kwanza, yenye haraka na ghadhabu, yufonio ililemea chelo, zile fidla kubwa zenye sauti nzito, mahali kadhaa. Lakini sehemu ya mwisho ilipofika, na honi ya pili ikainuka na kutoka, kisha yufonio, kisha besi, nilihisi ukumbi mzima ukiinama mbele. Mzee aliyeketi kando yangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama wachezaji wamekosana na kiongozi wao. Nilipomweleza kisa cha Eszterháza alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba yeye alifanya kazi kwenye reli miaka mingi mbali na jamaa zake, na kwamba mtunzi huyo alikuwa mtu mwenye adabu. Katika kanda ambayo karibu kila nyumba ina mtu aliyekwenda kutafuta kazi kwingine, simfoni ya mwaka 1772 haikuhitaji utetezi wowote.

Sasa nifikie ukumbi, ambao ndio udhaifu mkubwa wa huduma hii. Ni ukumbi wa kanisa, una nafasi ya kutosha na viti vizuri, lakini paa lake ni la mabati na halina dari. Sote tunaoishi kando ya ziwa tunajua jinsi mvua ya jioni inavyokuja Kisumu, hasa kati ya Machi na Mei, na katika tamasha la Aprili ilishuka katikati ya sehemu ya taratibu ya serenada ya Mozart ya mwaka 1787, ile inayojulikana kwa jina la Eine kleine Nachtmusik. Kwa dakika nyingi hatukusikia nyuzi hata kidogo. Kiongozi aliwasimamisha wachezaji kwa utulivu, akangoja, na mvua ilipopungua akairudia sehemu yote tangu mwanzo, jambo ambalo lilistahili makofi tuliyompigia. Hata hivyo, subira ya kiongozi haiwezi kuchukua nafasi ya dari, na ninaomba kwa dhati kwamba matamasha ya miezi ya mvua yahamishiwe alasiri au yapelekwe kwenye jengo lenye paa zito.

Hali ya hewa huathiri hata vyombo. Wachezaji wanaotoka Eldoret, iliyo juu kwa takriban mita 2,100, hushuka hadi Kisumu, yenye mita 1,130 hivi na unyevu wa ziwa, na mbao za fidla zao hufura njiani. Vijiti vya kukazia nyuzi hukwama, sauti hupanda na kushuka, na ndiyo maana mwanachama anayefika mapema huwakuta wakiwa wamefungua masanduku yao saa nzima kabla ya kuanza, ili vyombo vizoee hewa.

Tamasha nililolipenda kuliko yote ni lile la katikati ya mwaka, lililokutanisha okestra na nyatiti na orutu. Wengi tumeona michanganyiko ya namna hii ikifanywa kwa pupa, ambapo chombo cha kwetu huwekwa mbele kama pambo na kisha kuzimwa na fidla ishirini. Safari hii haikuwa hivyo. Nyatiti ina nyuzi 8, na mpigaji wake huzipatanisha kulingana na sauti yake mwenyewe ya kuimba, ilhali okestra hupatana kwa nota ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Uamuzi uliofanywa ulikuwa kwamba okestra ndiyo imfuate mpigaji wa nyatiti. Niliwaona katika mazoezi wakitafuta, kwa zaidi ya nusu saa, mahali ambapo fidla zingeketi bila kumsonga. Usiku wa tamasha alikaa kwenye kigoda chake cha chini, pete ya chuma ya oduong'o kidoleni mwa mguu ikigonga ubao wa chombo, njuga za gara zikiitikia, na chelo zikashikilia nota moja ndefu chini yake. Orutu, yenye uzi mmoja tu, ilipoingia na upinde wake, wapiga fidla waliacha kupiga na kumtazama mwenzao. Nasisitiza neno hilo, kwa kuwa orutu na fidla zote ni vyombo vya upinde, na usiku ule zilitendewa hivyo.

Disemba ilikuwa zamu ya Messiah ya Handel, kazi ya kwaya na okestra, sehemu zilizochaguliwa, pamoja na kwaya kadhaa za makanisa ya mjini. Hapa kwaya ndizo zilizobeba okestra. Waimbaji wetu wengi wanaijua “Halleluya” kwa moyo, kila sauti kwa solfa yake, na walipoanza, fidla ziliongeza kasi ili zisiachwe nyuma. Kijitabu kilikumbusha kwamba kazi hii ilipoimbwa kwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, mapato yalikwenda kwa wafungwa wa madeni na hospitali za mji ule. Chama chetu nacho kilitangaza kwamba mapato ya usiku huo yangenunua fidla ndogo za watoto, na mwezi uliofuata nilizishika kwa mikono yangu.

Hilo linanileta kwenye chama chenyewe. Mtu anayelipa uanachama akidhani atapewa kiti cha mbele na chai wakati wa mapumziko atavipata, lakini atakuwa ameambulia kidogo. Wanachama huwalaza wachezaji wanaotoka mbali, kwa sababu matatu za usiku za kwenda Kakamega na Eldoret ni chache na si salama kwa mtu aliyebeba chelo. Akina mama wa chama hupika siku ya mazoezi marefu. Wenye pikipiki na magari hubeba stendi za nota na ngoma kubwa za shaba kutoka shule zinapohifadhiwa. Watoto hufundishwa Jumamosi alasiri na wachezaji wenyewe, baadhi yao wakiwa wamesomea muziki Chuo Kikuu cha Maseno, na ninaona wazi kwamba waanzilishi wamejifunza kutokana na kazi ya Ghetto Classics, mradi wa kufundisha watoto muziki huko Korogocho, Nairobi, iliyoonyesha tangu mwaka 2008 kwamba mtoto wa mtaa wowote anaweza kusoma nota akipewa chombo na mwalimu anayerudi kila wiki.

Nina malalamiko mawili ya kweli. La kwanza ni saa. Tikiti iliandikwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na zaidi ya mara moja tulianza baada ya saa moja na robo. Anayeishi mitaa ya mjini kama Nyalenda au Kondele ataona ni jambo dogo, lakini aliyetoka nje ya mji, Luanda au Maseno, huanza kuhesabu usafiri wake tangu nota ya kwanza, na hawezi kusikiliza simfoni huku akiwaza kituo cha matatu. La pili ni kijitabu cha maelezo. Kimeandikwa vizuri, lakini kwa Kiingereza pekee. Wazazi wengi wa wachezaji huja kuwasikiliza watoto wao, na ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya Haydn na mishumaa ungewapa kile nilicholazimika kumnong'onezea mzee wa reli. Nimejitolea kuuandika, na kamati imekubali kwa tamasha la kwanza la msimu ujao.

Nimeshalipia msimu huo. Kwa anayefikiria kujiunga, ninashauri anunue tikiti pamoja na uanachama, kwa sababu bila mazoezi ya Jumamosi atapata nusu ya faida. Aombe kiti cha upande wa kushoto, karibu na fidla za kwanza, ambako shaba hazizidi nguvu, na kama anatoka nje ya Kisumu, aiandikie kamati mapema kuomba malazi, kwani nyumba za wanachama hujaa upesi wiki ya Disemba.