Diski za Filamu za Zamani za Hollywood: Tazama Umbo la Picha Kabla Hujalipa

Malalamiko yamekuwa mengi na yote yanafanana. Msomaji amenunua filamu ya Ginger Rogers au ya Clark Gable, ameiweka, halafu ananiandikia kwa hasira: picha haijazi runinga, kuna mistari miwili myeusi, mmoja kushoto na mwingine kulia, je, airudishe diski? Mwingine ananisifia toleo alilolipata kwa bei ya chini, limejaa kioo chote bila mstari hata mmoja. Wa kwanza ameuziwa mali halali. Wa pili ameibiwa karibu robo ya filamu na hana habari.

Kwa hiyo humu sitagusa sauti, wala mahojiano ya ziada, wala uzuri wa kasha. Hayo yameandikwa sana. Nitakaa kwenye umbo la picha, kwa sababu ndilo linaloharibu fedha za watu wengi na ndilo ambalo wauzaji hawalitaji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tangu 1932 studio za Hollywood zilishika kipimo kimoja cha picha: upana 1.37 kwa kimo 1. Hakiko mbali na mraba. Kila aliyepanga taa usoni mwa Greta Garbo, kila aliyemshonea Joan Crawford gauni, alifanya kazi akijua mpaka wa juu uko wapi na wa chini uko wapi. Runinga za leo zina upana wa 1.78 kwa kimo 1. Anayetaka kuijaza runinga hiyo kwa filamu ya 1936 ana njia mbili tu, na zote ni uharibifu. Akikata juu na chini, asilimia 23 ya picha inakwenda. Akiivuta kwa upana, kila mtu anatanuka kwa asilimia 30. William Powell, aliyekuwa na umbo jembamba la kupendeza kuliko wanaume wote wa studio ya MGM, anageuka pipa.

Mfikirie Fred Astaire. Alikuwa na sharti lake pale studio ya RKO: dansi ipigwe picha mwili mzima, utosi hadi vidole vya miguu, na kamera isirukeruke. Alitaka mtazamaji aone kwamba ni yeye, kwamba hakuna hila. Katika Swing Time ya 1936, dansi ile ya mwisho ya ngazini inasimuliwa kwamba ilirudiwa mara 47 kwa siku moja, mpaka miguu ya Ginger Rogers ikatoka damu ndani ya viatu. Halafu anakuja mtu na kompyuta yake, anakata sehemu ya chini ya picha ili wewe usione mistari myeusi. Ni sawa na kukata pindo la chini la kanga pamoja na jina lake, kisha kumwambia mama bado ni kanga ileile. Miguu ndiyo uliyoilipia!

Nasi huku tuna la kwetu katika jambo hili. King Solomon's Mines ya 1950, ya Stewart Granger na Deborah Kerr, ilipigwa picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na Robert Surtees akapata Oscar ya upigaji picha wa rangi kwa kazi hiyo. Mogambo ya 1953, ambamo John Ford alimleta Clark Gable pamoja na Ava Gardner na Grace Kelly hadi Afrika Mashariki, nayo imo katika kipimo kilekile cha zamani. Ukikata juu, unakata anga letu. Wale Watutsi warefu wanaocheza katika King Solomon's Mines wanapoteza vichwa wanaporuka. Siwezi kulivumilia hilo.

Mwaka huohuo wa 1953 mambo yakageuka. Studio ya Fox ilitoa The Robe kwa CinemaScope, picha pana kuliko mara mbili na nusu ya kimo chake, ili kuwatoa watu nyumbani kwenye televisheni. Studio nyingine zikafuata. Uharibifu nao ukageuka: filamu pana zikaanza kukatwa pembeni ili zienee kwenye televisheni za zamani zilizokuwa karibu na mraba. Rebel Without a Cause ya James Dean au A Star Is Born ya Judy Garland ya 1954, zikikatwa hivyo, zinabaki nusu na kidogo tu. Katika Seven Brides for Seven Brothers wale ndugu saba hawaenei; unawahesabu wanne, watano, wengine wako nje ya kioo. Hata studio zenyewe si safi. Gone with the Wind ilipotolewa tena kwenye majumba ya sinema mwaka 1967, MGM waliipanua kwenye utepe wenye upana wa milimita 70 na kuikata juu na chini, zaidi ya theluthi ya picha ikaenda. Vivien Leigh alikwishafariki mwezi Julai mwaka huohuo.

Basi shika kanuni hii unaposoma nyuma ya kasha. Filamu ya kabla ya 1953 iandikwe 1.37:1 au 1.33:1. Ukikuta neno "Widescreen" (picha pana) kwenye filamu ya 1940, weka chini. (Ipo mifano michache ya 1930, kama The Big Trail ya John Wayne iliyopigwa kwa milimita 70, lakini hiyo inajulikana.) Filamu pana ya baada ya 1953 ikiwa na maneno "Full Screen", yaani imekatwa ijaze televisheni ya zamani, nayo weka chini. Alama ya 16:9, yaani umbo la runinga za leo, peke yake haikuambii kitu, kwa sababu picha nyembamba iliyowekewa mistari myeusi pembeni nayo huandikwa hivyohivyo. Na kama kasha halisemi chochote, omba picha ya mwanzo wa filamu. Kwa filamu za MGM angalia duara linalomzunguka simba: likiwa yai, picha imevutwa. RKO na Universal wana dunia yao, nayo lazima iwe mviringo.

Sasa nizipange kampuni zinazotoa diski hizi, kuanzia ninayoiamini zaidi.

Wa kwanza, na sioni wa kumkaribia, ni Warner Archive, tawi la studio ya Warner la filamu za zamani. Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Marekani, alinunua hazina ya filamu za MGM mwaka 1986, pamoja nayo zikaja za Warner za kabla ya 1950 na za RKO, na leo zote ziko chini ya paa moja la Warner. Maana yake Bogart, Bette Davis, Cagney, Garbo, Gable, Jean Harlow, Judy Garland na Astaire wote ni wa nyumba hiyo. (Turner huyohuyo ndiye aliyezipaka rangi filamu nyeusi na nyeupe katika miaka ya 1980, jambo lililowaudhi waongozaji wakubwa, lakini hazina aliitunza pamoja.) Warner Archive walianza 2009 kwa DVD zinazochomwa moja moja kila mteja anapoagiza. Hizo za mwanzo sizipendekezi sana. Blu-ray zao, diski zenye picha kali kuliko DVD, ndizo ninazozitetea mbele ya mtu yeyote. Wanarudi kwenye negativu, yaani utepe asilia uliopita ndani ya kamera, pale ilipo, wanasafisha bila kuifuta ile chembechembe ya filamu, na sijawahi kukuta umbo la picha lililochezewa. Nyeusi ni nyeusi, na ngozi ya Lauren Bacall ni ngozi, si nta.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi moja kwa moja. Blu-ray zimegawanywa kwa kanda za dunia: Marekani yote iko ukanda A, Afrika na Ulaya ziko ukanda B. Diski iliyofungwa kwa ukanda A haichezi kwenye mashine iliyouzwa Nairobi au Dar es Salaam. Warner Archive kwa kawaida hawafungi diski zao. Unaagiza Marekani, inafika, inacheza. Kwa miaka mingi waliuza kwa dola 21.99. Filamu zote nne za Bogart na Bacall wanazo: To Have and Have Not, The Big Sleep, Dark Passage na Key Largo. The Thin Man ya 1934 wanayo pia, na kama hujawahi kuwaona William Powell na Myrna Loy wakitaniana, anzia hapo. Walicheza pamoja katika filamu 14.

Wa pili ni Criterion. Wako tangu 1984, wakianza na Citizen Kane na King Kong kwenye diski zile kubwa za leza, na heshima yao ni ya haki. Umbo la picha kwao ni ibada. Wanaliandika waziwazi, hata kijitabu cha ndani kinalieleza. Swing Time wanayo, It Happened One Night wanayo, Gilda, His Girl Friday, All About Eve. Ninawaweka wa pili kwa mambo mawili. La kwanza ni bei: dola 39.95 kwa Blu-ray moja kabla hujaweka usafiri na kodi. Subiri Julai au Novemba, duka moja kubwa la vitabu la Marekani huziuza nusu bei. La pili ni kwamba matoleo yao ya Marekani yamefungwa ukanda A. Tangu 2016 wana matoleo ya Uingereza ya ukanda B, nunua hayo, ila orodha yake ni fupi. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray, hazina ukanda kabisa, lakini Blu-ray inayofuatana nayo ndani ya kasha hilohilo inao, na hapo wengi hunaswa. Huduma yao ya kutazama mtandaoni ni ya Marekani na Kanada tu, kwa hiyo tuiache.

Wa tatu ni Waingereza: Eureka kwa Buster Keaton na filamu zisizo na sauti, Indicator kwa filamu za giza, zile za uhalifu ziitwazo film noir, za studio ya Columbia. Nyingi ni za ukanda B, zinacheza kwetu, na kazi yao ni ya uaminifu. Kama bajeti ya kuagiza kutoka London ni nafuu kwako kuliko kutoka Marekani, hawa wapande nafasi ya pili.

Kino Lorber wana Marlene Dietrich, Mae West na Carole Lombard kwa wingi, kwa sababu Paramount waliuza filamu zao za 1929 hadi 1949 kwa kampuni ya MCA mwaka 1958, zikaishia Universal, na Universal huwapa Kino leseni. Ni matoleo mazuri yaliyofungwa ukanda A. Bila mashine ya kanda zote, usihangaike.

Vifurushi vya bei rahisi, filamu 20 au 50 kwenye kasha moja: nyingi ni filamu zilizopoteza hakimiliki kwa sababu hazikusajiliwa upya baada ya miaka 28, kama My Man Godfrey na His Girl Friday. Mtu yeyote anaweza kuzichoma, na yeyote ndiye anayezichoma. Charade ya Cary Grant na Audrey Hepburn ilipoteza hakimiliki siku ileile ilipotoka 1963, kisa tangazo la hakimiliki lilikosewa. Filamu hizi ziko bure mtandaoni. Usilipe.

Lakini wauzaji ndio wanaonichosha. Maduka makubwa ya mtandaoni yanaweka matoleo matano tofauti ya filamu moja kwenye ukurasa mmoja, na sifa walizoandika wateja wa Criterion zinaonekana chini ya diski ya mtu aliyerekodi kutoka televisheni. Picha ya kasha ni ya toleo moja, kinachofika ni kingine. Nilimwuliza muuzaji mmoja uwiano wa picha ni upi, akanijibu "HD kabisa". Mwingine alinieleza kwamba mistari myeusi ameiondoa yeye mwenyewe, kwa fahari, na akaongeza bei kwa kazi hiyo.

Na walanguzi. Kulikuwa na kampuni ndogo iitwayo Twilight Time ambayo kwa kawaida ilitoa nakala 3,000 tu za kila filamu. Ilipofungwa 2020, watu walioficha maboksi wakapandisha bei mara tatu, mara nne. Usiwape. Filamu nyingi katika hizo zinatolewa tena na kampuni nyingine, ni suala la kungoja tu. Bei ya mlanguzi huporomoka siku toleo jipya linapotangazwa, na yeye anajua, ndiyo maana anakuharakisha.

Diski ikishafika, shika rimoti kabla ya kunilaumu. Baadhi ya runinga hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kukuza au kuvuta picha. Ingia kwenye mpangilio wa picha, zima "Zoom", zima "Wide", acha picha ikae kama ilivyo kwenye diski. Mistari myeusi ya pembeni ikibaki, umenunua vizuri. Na kwa mwenye fedha ya diski moja tu mwezi huu: The Big Sleep ya Warner Archive.