Miezi minane juu ya mto wa zafu

Mto huu wa kukalia wakati wa kutafakari, unaoitwa zafu, niliununua kwa sababu ya ganzi. Kila nilipokaa chini kutafakari, dakika ya 12 haikupita kabla mguu wa kushoto haujafa, na badala ya kuangalia pumzi nikawa naisubiri kengele. Nikajiambia, huenda shida haiko akilini, iko kwenye makalio.

Ni mto wa duara, kipenyo chake sentimita 35 hivi, kimo 15. Ndani yake kuna maganda makavu ya mbegu za soba (kwa Kiingereza buckwheat). Zipo zafu za sufi pia, laini zaidi, ila sufi hubonyea na kubaki hivyo. Maganda husogea yakafuata umbo la mkaaji, kama mchanga. Ni mzito kuliko unavyodhani ukiuona pichani, na kila ukijigeuza unachakarika. Wiki ya kwanza sauti hiyo iliniudhi kweli. Siku hizi ndiyo inayonishtaki: nikiisikia najua nimeshaanza kuhangaika, hata kama nilikuwa najidanganya kwamba nimetulia.

Karatasi iliyokuja nao ilieleza jinsi ya kufua foronya, basi. Jinsi ya kukaa, kimya. Wiki mbili nzima nikaukalia katikati kama kigoda, na mguu ukaendelea kufa. Maelekezo nikayakuta kwa Dogen, mtawa wa Japani wa Zen, tawi la Ubuddha, aliyeishi kati ya 1200 na 1253: tandika mkeka mnene, weka mto juu yake, na mto usiingie chini ya miguu yote. Ubebe makalio tu, miguu iliyokunjwa ilale mkekani. Kumbe kazi ya mto ni kupandisha nyonga zipite magoti. Zikipita, kiuno huinama mbele chenyewe na mgongo husimama bila kulazimishwa.

Goti langu la kulia lilishuka. La kushoto liligoma, nikaliwekea kitambaa kilichokunjwa chini yake. Halafu mto wenyewe ulikuwa umeshindiliwa hadi ukawa kama ngoma, nateleza pembeni. Nilitoa bakuli moja la maganda ukakubali. Usiogope kufanya hivyo, zipu imewekwa kwa kazi hiyo (nitarudi kwenye zipu).

Sasa matokeo. Ganzi ilihama kutoka dakika ya 12 hadi ya 25. Haikuisha. Na hapa ndipo nilipoelewa fundisho nililokuwa nimelisoma mara nyingi bila kuling'amua. Buddha anasema mtu asiyejizoeza akipata maumivu ya mwili ni kama aliyechomwa mshale, kisha akachomwa na wa pili: huzuni, hasira na lawama anazoongeza mwenyewe. Mshale wangu wa kwanza ni goti. Wa pili ni ile hotuba ninayojipa: "mwili wangu haufai, wenzangu wanakaa saa nzima, nimepoteza hela." Mto umepunguza wa kwanza. Wa pili hauujui kabisa. Huo nimekuwa nikiushughulikia kwa kutazama tu, hapa kuna joto, hapa kuna kuchomachoma, hapa kuna hotuba imeanza. Na hotuba hiyohiyo naisikia nikiwa nimesimama, hakuna goti linaloniuma, nimetuma ujumbe tu na sijajibiwa.

Kwa hiyo mkinunua, msinunue kwa tamaa ya kukaa muda mrefu. Mimi niliingia mtego huo. Nikafikisha dakika 50, nikachechemea siku mbili. Sona, mfuasi aliyetembea akitafakari hadi nyayo zikatoka damu, aliulizwa na Buddha kuhusu zeze alilokuwa akilipiga zamani: nyuzi zikikazwa mno, lililia vizuri? Zikilegezwa mno je? Nimerudi dakika 20, asubuhi tu.

Mwenye goti lililoumia asihangaike na zafu, kiti kinatosha. Mafundisho yenyewe ya Buddha ya kuweka uzingativu, yaani kuangalia mwili na akili kwa makini, yanataja mikao minne: kutembea, kusimama, kukaa na kulala. Na kama hujaanza kabisa, kunja blanketi nene mara nne ulikalie mwezi mmoja kwanza. Lina karibu kila kitu cha mto huu, isipokuwa lenyewe hufumuka ukingoni na kila siku kimo chake ni kingine.

Nyota nne. Ya tano imeondoka na zipu, iliyoachia mwezi wa tatu katikati ya pumzi ndefu, maganda yakamwagika chumba kizima. Muuzaji nilimwandikia mara mbili, hakujibu. Nimeishona kwa uzi mnene na inashika, lakini maganda mengine bado nayakuta nyuma ya mlango.