Gari la kukodi Kutaisi, Georgia: nyota nne, moja nimeikata

Kwanza, Georgia ninayoisema ni ile nchi ya Kaukasia, siyo jimbo la Marekani, maana nilipowaambia watu wa nyumbani Kampala kwamba naenda Georgia wote walianza kuniagiza viatu.

Mimi na dada yangu mkubwa tulikodi gari siku tatu Kutaisi na nasema wazi, bila gari utauona huo mji nusu. Katikati ya mji unamaliza kwa miguu, soko, daraja jeupe juu ya mto Rioni, halafu jioni unapanda kilimani kwenye kanisa la Bagrati. Hilo lilimalizika kujengwa mwaka 1003, Waottomani wakalilipua 1692, likabaki gofu karne tatu mpaka lilipojengwa upya likakamilika 2012, na kwa sababu ya ujenzi huohuo UNESCO wakalitoa kwenye orodha yao ya urithi wa dunia 2017. Ukifika utaelewa, kuna chuma na vioo vimebandikwa kwenye mawe ya kale, dada akasema ni kama mzee aliyevalishwa jinzi. Mimi nililipenda lakini.

Sasa utamu wenyewe uko nje na umetawanyika. Gari lilikuwa dogo, otomatiki, safi, AC inapiga vizuri. Shida kule wanaendesha upande wa kulia na usukani uko kushoto, kwa hiyo kila nikitaka indiketa nawasha waipa, jua kali namna ile na mimi napangusa kioo kikavu, wa nyuma wananipigia honi jamani. Cha kuchekesha barabarani zimejaa Prius na nyingine zina usukani kulia kama zetu huku! Halafu ng'ombe, wamelala katikati ya lami wanatafuna tu. Hapo dada akaniambia toka, yeye kakulia Mbarara kwenye ng'ombe wa pembe ndefu, akashika usukani akawapita polepole huku anawacheka eti hizi ndizo pembe?

Gelati, monasteri ya zamani, ni kama kilomita kumi na kidogo kutoka mjini, mkiikosa mtajuta. Mfalme Daudi Mjenzi aliianzisha 1106 na yeye kazikwa pale langoni, chini ya jiwe kubwa, inasemekana alitaka kila anayeingia amkanyage. Mimi nilishindwa, nikapita pembeni. Ndani kuna Maria wa mozaiki kwenye dhahabu, tulikaa pale kimya muda mrefu na dada huwa hanyamazi.

Pango la Prometheus tulilikuta limefungwa, siku yao ya kupumzika, kosa letu, angalieni siku kabla ya kuchoma mafuta. Tulirudi kesho yake. Bebeni sweta, ndani ni nyuzi 14 hivi hata nje kukiwa moto. Korongo la Martvili ni mbali zaidi, unapanda boti ya mpira kwenye maji ya kijani katikati ya miamba, zuri sana ila fupi, unakaa vizuri tu tayari wanakuambia shuka.

Chakula: khachapuri ya Imereti, mkate wa duara wenye jibini ndani. Nilimweleza dada ni chapati iliyomeza jibini, akala mbili halafu akaanza kuulizia pilipili. Hakuna.

Nyota niliyokata ni ya kurudisha gari. Jamaa wa ofisi akazunguka na tochi mchana kweupe, akaonyesha mkwaruzo kwenye rimu, akasema depoziti hairudi. Bahati siku ya kwanza nilipiga picha kila kona mpaka tairi ya spea, ikabidi nitafute picha moja moja yeye amekunja mikono. Akaiona, akaangalia rimu, akarudisha hela yote, pole hakusema. Dada akamwambia "madloba", ndiyo asante yao, kwa ile sauti anayotumia kwa makonda wa taksi akikataa kutoa chenji.