Boksi la spika mbili za inchi 12 kwa amplifaya ya valvu ya wati 50: uzoefu wangu

Kwa sauti, boksi hili nalipa alama zote. Besi yake imekaza, sauti za kati zinajitokeza na gitaa halimezwi ngoma zinapoingia. Ila usiamini kibandiko cha omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kilicho mgongoni mwa boksi kabla hujapima.

Ndani mna spika mbili aina ya Celestion Vintage 30 za omu 16, kila moja ya wati 60. Zimeungwa sambamba, kwa hiyo boksi zima ni omu 8 na wati 120. Zingeungwa kwa mfululizo zingefika omu 32, kiwango ambacho amplifaya za kawaida za gitaa hazina tundu lake. Ukibadilisha spika usichanganye ya omu 8 na ya 16: zikiwa sambamba, ya omu 8 hubeba theluthi mbili za nguvu yote.

Wati 120 kwa amplifaya ya 50 si nyingi. Zile 50 hupimwa sauti ikiwa safi. Valvu zikisukumwa hadi sauti ikwaruze, hutoa zaidi ya hapo. Ndiyo maana nisingeweka spika mbili aina ya Greenback za wati 25, ingawa naipenda sauti yake. Jumla ni 50 kamili, hakuna akiba.

Sasa kupima. Chomeka waya wa spika kwenye boksi, upande wa amplifaya uwe wazi, kisha gusisha multimita kwenye ncha na shina la plagi. Boksi la omu 8 husoma kama 6 au 7, kwa kuwa mita hupima ukinzani wa waya wa koili peke yake, si impidansi, yaani ukinzani wote wa spika sauti inapopita. Langu lilisoma karibu 13. Maana yake spika moja ilikuwa haifanyi kazi: klipu ya waya ilikuwa imechomoka kwenye kidole cha spika cha kuungia waya. Nimezitoa klipu zote nikazilehemu nyaya moja kwa moja. Kabla ya kufunga mgongo, gusisha betri ya volti 9 kwenye plagi kwa sekunde moja. Koni zote mbili zisogee upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, chanya na hasi zimepishana na besi itapotea.

Lililobaki kunikera ni swichi ya mono na stereo, iliyo pembeni kabisa mwa jeki. Isiguswe amplifaya ikiwa inapiga. Mzunguko ukikatika hata kidogo, amplifaya ya valvu hukosa mzigo, volti hupanda ghafla kwenye transfoma ya kutolea sauti na kutoboa insulesheni yake. Ya transista ni kinyume: bila spika haidhuriki, lakini omu zikishuka chini ya kiwango chake hupata moto hadi kuungua. Kwenye stereo kila jeki ni spika moja ya omu 16, basi tundu la amplifaya nalo liwe la 16.

Tumia waya wa spika wa milimita za mraba 1.5 au zaidi. Waya wa gitaa una plagi ileile, lakini uzi wake wa kati ni mwembamba mno kwa mkondo huu. Na ukiongeza boksi la pili la omu 8, hamia tundu la omu 4 kabla ya kuwasha.